Baba, Hukuondoka na Adhana

Abbasi Mrisho, fundi seremala wa Kanyenye, Tabora. Alituacha Jumamosi, tarehe 14 Juni 1975.

Mwaka umetimia, Baba, tangu utoke kwetu, na mwaka mzima watu wamekuwa wakisema juu yako jambo ambalo si kweli, sisi tumekaa kimya.

Wanasema uliondoka na adhana. Eti mwadhini wa alasiri alipoanza, nawe uliinua kidole, ukatamka shahada, roho ikatoka. Habari hiyo imezunguka Kanyenye yote mpaka Chemchem. Wanawake wamemwambia Mama sokoni, "Una bahati, Bi Mwanne, mumeo kachukuliwa vizuri." Hata watu ambao hujawahi kuwachongea kigoda wanaisimulia kana kwamba walikuwa wamekushika mkono.

Waliokuwepo walikuwa wawili tu, rafiki zako: Raymundi, mstaafu wa simu za reli, na Ngollo, mlinzi wa uwanja wa ndege. Wao ndio walioitoa habari hiyo. Leo sisi wenye msiba tunaifuta.

Lakini kwanza tukukumbuke wewe. Hasira isije ikakalia kiti chako.

Ulikuwa na desturi ya kugonga ubao wa mninga kwa kifundo cha kidole, ukainamisha sikio, kabla hujautia msumeno. "Huu bado unalia," ulikuwa ukisema, na ubao huo uliegemezwa ukutani ukauke miezi sita mingine, mteja anune asinune. Penseli haikutoka sikioni. Uliichonga kwa patasi, na vipande vyake Mama alivikuta hata kwenye mchele. Mlango wako ukifungwa haupigi kelele. Tukipita mtaani tunaijua milango yako kwa huo ukimya wake.

Yalipoanza madarasa ya jioni ya watu wazima, ulikwenda na misumari yako mwenyewe ukakaza madawati yote yaliyokuwa yakitembea. Ukarudi ukaniambia, "Madawati ni mazima. Sasa nenda ukakae, Mwanahawa."

Nikasema, "Baba, nina mtoto mchanga."

"Huyo Tatu wako nipe mimi."

Ulikaa naye chini ya dirisha la darasa, miezi na miezi. Nikisimamishwa kusoma nilikusikia nje ukimnong'oneza, "Sikia, huyo ni mama yako." Basi kila herufi iliyo hapa ina mkono wako ndani yake, hata zile za ukali.

Jumamosi hukuwa wa mteja, wala wa Mama, wala wa mjukuu. Jumamosi, ukishasali adhuhuri, ulikuwa rubani.

Wasiojua wajue. Wakati wa vita vya Mtaliano ulipelekwa Kenya ukawa fundi wa mbao na turubai za ndege. Hukurushwa hata siku moja. Baadaye wakakupa kazi ya kutunza sanduku la kufundishia marubani, kijindege cha mbao kisichotoka chini, kimekaa juu ya mivukuto, kinayumba na kuinama kama kiko mawinguni, na mwanafunzi amefunikwa ndani asione nje. Wenzako walikiogopa. Wewe ulikuwa mtoto wa mhunzi, umekua ukipuliza mivukuto ya ngozi mbele ya moto wa babu. Ulikielewa kuliko waliokileta.

Mwaka wa uhuru ulijenga chako uani mwetu. Kiunzi cha mninga. Mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi chini ya miguu yako. Usukani wa kuchonga, na kifuniko cha turubai nene. Ulisema na wa nje kwa mpira wa kumwagilia maji, wenye faneli ya bati huku na huku. Ukikanyaga kushoto, sanduku linalalia kushoto. Ukiacha kukanyaga, linatulia.

Mwisho wa mpira alikaa Raymundi, na meza, na saa yake ya reli, na daftari. Alikuwa kituo cha chini, na alikuwa adui pia, maana debe la kugonga ili lilie kama risasi lilikuwa miguuni pake. Ngollo, aliyepigana vita hivyo kwa miguu, alikaa kwenye kiti kando yako na fimbo katikati ya magoti. Yeye alikuwa ndege ya pili.

Safari zenu hamkuzibuni. Kule Kenya ulikuwa umeandika kwa penseli, katika daftari lako, kila ndege iliyotoka kambini kwenu, saa iliyotoka, ilikokwenda, na kama ilirudi. Mlizirudia moja moja, Jumamosi baada ya Jumamosi. Iliyorudi irudi. Iliyoanguka ianguke.

Siku moja balozi wetu wa nyumba kumi, Bwana Twalibu, aliingia amefura. "Wazee wazima! Wenzenu wako shamba la ushirika, nyinyi mnacheza ndege?"

"Shamba tumetoka asubuhi," Ngollo akamjibu. "Ila wewe hatukukuona, balozi. Au ulikuwa umejificha kwenye muhogo?"

Twalibu hakucheka. "Na vita vyenyewe vya wakoloni. Si vyetu."

Ukatoa kichwa chini ya turubai, jasho tupu. "Vita si vyetu, bwana balozi. Lakini kijana niliyemfunga mkanda asubuhi, jioni hakurudi. Huyo naye ni wa nani?"

Aliondoka akiapa kukupeleka kwenye tawi la chama. Hakukupeleka. Wiki ya pili alileta mlango wake uliopinda, ukamnyooshea.

Sheria ilikuwa moja, na uliiweka wewe mwenyewe. Aliyetunguliwa ananyamaza, na wenzake hawamwiti. Sababu ulitupa mara moja tu. Kule kambini mtu wa redio alimwita rubani mmoja kwa saa nzima, jina lile lile, mpaka mkubwa wake akaja akamwondoa mkono kwenye mashine. "Sauti ile sitaki kuisikia uani kwangu," ulisema. Kwa hiyo aliyeanguka aliachwa na kimya chake hadi adhana ya alasiri. Hapo kifuniko kinavutwa, wewe unakwenda kutawadha, Raymundi na Ngollo wanasogelea kahawa. Nyumba nzima tuliishika sheria hiyo, sisi wa jikoni pamoja.

Jumamosi ile mlikuwa na safari ya ndege mbili. Daftari lako la Kenya lilisema ya kwanza ilirudi, ya pili haikurudi. Ngollo alifika amekasirika.

"Mimi kwenye kiti hiki sikai tena. Jumamosi ya nne hii nakufa. Nikifika nyumbani mke wangu ananiuliza, 'Leo tena umekufa?' Nasema ndiyo. Ananipakulia ugali kidogo, anasema maiti hali sana."

"Si mimi, ni daftari," Raymundi akasema.

"Daftari lina chuki na Wasukuma!"

Ulicheka, Baba. Nilikusikia mpaka jikoni. "Basi leo rudi wewe, Ngollo. Mimi nitabaki huko."

"Abbasi, usiharibu yaliyoandikwa," Raymundi akasema.

"Mara moja tu, bwana. Naye aonje kurudi."

Ukaingia. Turubai likavutwa. Hicho ndicho kicheko chako cha mwisho tulichokisikia.

Adhana ilipolia hukutoka. Mwenyewe ulikuwa hujawahi kuisubirisha. Raymundi alivuta turubai, akamwita Mama, na kabla Mama hajafika vizuri Ngollo alikuwa ameshaanza kuisimulia ile habari ya kidole. Wakaisimulia mazikoni. Wakaisimulia matangani, mmoja akiishia mwenzake anadakia, kila siku ikiongezwa uzuri kidogo. Watu walilia, wakakuonea wivu.

Mimi sikuiamini, Baba. Wewe ulikuwa umefunikwa turubai nene, wao wako nje. Kidole walikionaje?

Siku ya arobaini niliwauliza mbele ya watu wote. "Alinyamaza saa ngapi?"

Ngollo akaangalia miguu yake. Raymundi akasema, "Mwanangu, marehemu hasumbuliwi."

"Simsumbui yeye. Nakusumbua wewe. Wewe huandika kila kitu na saa yake. Daftari liko wapi?"

"Lipo."

"Lilete."

"Sileti."

Nikawaonyesha mlango, mlango wako huo usiopiga kelele. Niliwaambia wasikanyage tena uani kwetu. Watu walisema mtoto wa Abbasi hana adabu, anafukuza wazee wa rika la baba yake kwenye arobaini ya baba yake. Walikuwa sawa. Sikujali. Tangu siku ile sikuwaamkia. Raymundi alikuwa akiniona barabarani anapunguza mwendo, anakohoa, anangoja shikamoo yake. Mimi naangalia madirisha ya maduka. Ngollo alijifunza kuvuka upande wa pili mapema.

Nilikuwa nimemuuliza mganga mmoja wa hospitali. Mtu akishikwa na moyo, akiwahishwa, anapona? Alinitazama, akasema, "Huenda." Neno hilo nimekula nalo na kulala nalo. Walikuwa wawili, mwendo wa hatua tatu kutoka kwako, na saa mezani. Kila nilipomwogesha Tatu, kila nilipokaa darasani, nilikuwa nawahesabia dakika wale wazee wawili. Nilizihesabu kwa chuki, na sitaandika hapa kwamba ilikuwa kitu kingine.

Jumanne iliyopita Raymundi alibisha hodi. Sikumkaribisha. Alisimama kizingitini, kofia mkononi, daftari kwapani.

"Nimelileta," akasema. "Usome umekaa."

"Mwaka mzima ulikuwa unaficha nini?"

"Soma, mama Tatu."

"Nakuuliza wewe."

"Nami nakujibu, soma. Nilikuwa nasema moyoni, bora anichukie mimi. Mimi mzee, nitachukiwa siku ngapi?"

Akaondoka. Nilisoma nimesimama, kwa ubishi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa kwa hati yake iliyonyooka ya karani, na tunaunakili wote ulivyo:

"Saa 8.20. Abbasi na Ngollo wametoka.

Saa 8.50. Mawingu. Abbasi anaimba vibaya.

Saa 9.05. Abbasi anasema kifua kinambana, hewa ya huku juu ni nyepesi. Tumecheka.

Saa 9.15. Nimemuuliza upande wa kushoto ukoje. Hajibu. Sanduku limetulia. Ngollo anasema, ameanguka kama alivyoahidi.

Saa 9.20. Kimya. Sheria.

Saa 9.25. Mwanahawa amepita na ndoo, mtoto mgongoni. Mtoto ameita, 'Babu! Babu!' Mama yake amesimama, amemwekea kidole mdomoni, amemnyamazisha. Wamepita.

Saa 9.40. Ngollo amerudi salama. Amefurahi sana.

Saa 10.00. Adhana. Hakutoka."

Hapo nikakaa.

Ndoo niliikumbuka, Baba. Jua lilivyokuwa nililikumbuka. Nilikumbuka hata kwamba maji yalimwagika kidogo kwenye kanga. Kusimama sikukumbuka. Kidole changu kwenye mdomo wa mtoto sikukikumbuka. Nilikuwa nimekifuta mimi mwenyewe, bila kupewa msaada na Raymundi wala Ngollo. Raymundi alikuwa nacho ndani ya daftari, amekikalia, huku mimi nampita barabarani bila salamu.

Sikumshukuru. Na asidhani kwa sababu hiyo tumemalizana. Alisikia mtu akisema kifua kinabana, akaandika, akacheka. Aliandika "hajibu", akakaa na kalamu yake. Mimi nilipita na ndoo nikamziba mtoto mdomo. Kosa langu halilipii la kwake, wala la kwake halinisafishi mimi. Yote mawili yapo, na nimekubali yawepo.

Niliogopa kumsomea Mama. Ile adhana ndiyo aliyokuwa anaegemea, kila akiulizwa habari zako anaanza nayo. Nilimsomea alasiri, anachambua mchele. Hakusimamisha mkono.

"Raymundi aliponiita nilikushika... nilimshika baba yako mkono," akasema. Bado anachanganya, anasema nawe hata akisema na mimi. "Ulikuwa umeshapoa. Mtu aliyetoka sasa hivi hapoi vile."

"Mama! Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona ukanyamaza mwaka mzima?"

"Walikuwa wanatetemeka wale wazee, Ngollo meno yanagongana. Wakaniletea kitu kizuri, walikuwa hawana kingine. Nikakipokea." Akatupa jiwe dogo nje. "Sasa nimekichoka. Andika cha kweli."

Basi cha kweli ni hiki, na kila anayelisoma gazeti hili la darasa letu akamsomee asiyejua kusoma. Abbasi Mrisho alifariki baada ya saa tisa na dakika tano, tarehe 14 Juni 1975, ndani ya sanduku alilolijenga kwa mkono wake. Hakuinua kidole ambacho mtu alikiona. Alikuwa amempa rafiki yake zamu ya kurudi. Aliyemwita ni mmoja, mjukuu wake, wa mwaka mmoja na nusu, naye akanyamazishwa. Kama angeitikia hatujui. Huenda.

Jana Jumamosi niliwatumia habari Raymundi na Ngollo waje. Walikuja wamevaa kanzu na koti, kama wanaokwenda barazani kuhukumiwa. Sikuwaamkia. Nilivuta turubai mbele yao. Ndani mlikuwa na vumbi, na mto wako wa kukalia bado umebonyea upande mmoja.

Nikakuita. "Baba!" Haikutosha. Nikakuita kwa jina ambalo mtoto hamwiti mzazi wake. "Abbasi Mrisho!" Kwa sauti ya kupita kuta, mpaka Bwana Twalibu akachungulia juu ya ua. Raymundi akaweka mdomo kwenye faneli, akaita kwa taratibu zake za reli, jina lako, kisha kusubiri, kisha jina lako. Ngollo alijaribu mara tatu, sauti haikutoka. Mara ya nne ilitoka ya juu kama ya mtoto. Hakuna aliyemshika mtu mkono. Tuliita mpaka adhana.

Kwa hiyo sheria yako tumeivunja, Baba, na hatuirudishi. Tunajua uliiweka kwa uchungu. Tunajua ungetukasirikia. Utusamehe, lakini uani kwetu anayenyamaza ataitwa.

Sanduku haliuzwi wala halichanjwi kuni, wanaoulizia mninga wasije tena. Mivukuto nimeitia mafuta. Tatu ameshajua kukanyaga kushoto. Akirefuka kidogo ataruka, nami nitakaa mwisho wa mpira, namuuliza kila dakika uko wapi, mpaka anichoke.

Unakumbukwa na mkeo Mwanne, wanao Mwanahawa wa Kanyenye na Shaban aliye Ulyankulu, mkwe wako, mjukuu wako Tatu, na mafundi wote uliowafundisha kugonga ubao na kusikiliza.

Unakumbukwa pia na Raymundi na Ngollo. Ni Mama aliyesema waandikwe. Mimi bado, Baba. Leo asubuhi nimemwamkia Ngollo shikamoo, akaitika marahaba kabla sijaimaliza, na hapo ndipo nilipofika.

Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema. Siku zetu zote tutakukumbuka, na tutakuita kwa sauti.